Randa imezima na dukani wanasema hairudi: jibu kwa seremala wa Langoni

Swali: Assalaam alaykum ami. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Langoni, Lamu. Mwezi wa tatu nilinunua randa ya umeme mjini Malindi kwa shilingi 11,500. Wiki ya saba ikaanza kutoa cheche na kunuka, halafu ikazima kabisa nikiwa katikati ya ubao wa mbambakofi. Nimeirudisha dukani, nikaonyeshwa kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilipobisha nikaambiwa niende Mombasa kwa wakala. Risiti ninayo lakini maandishi yamefutika. Je, nina haki yoyote? Na nikinunua nyingine, ni kampuni gani inayojali wateja?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole kwa randa, na pole zaidi kwa safari, maana najua hasara yako si ile 11,500 peke yake. Kuna boti mpaka Mokowe, kuna basi, kuna siku mbili ambazo mwenye mlango wake amekaa akikupigia simu. Umeuliza mawili, la haki na la kampuni. Yote nitayajibu, lakini nianze na ambalo hukuliuliza: una hakika randa imekufa?

Cheche, harufu, kisha kimya. Mashine ikiletwa mezani kwangu na maelezo hayo, cha kwanza ninachotazama ni kaboni. Mota ya randa, ya grenda au ya drili ya waya hupata umeme kupitia vijiti viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi, vikisugua ile shaba iliyo kichwani mwa amecha, yaani kile kiini cha mota kinachozunguka. Kaboni zimewekwa laini makusudi, ziishe zenyewe ili shaba isiishe. Zikifupika, springi inakosa nguvu ya kuzisukuma, mguso unakuwa wa kurukaruka, na hapo ndipo cheche zinapoanza. Halafu kuna watengenezaji wanaotia kaboni za kujikata: zikifika kikomo zinakata umeme zenyewe, na mashine inazima ghafla kama imerogwa, kumbe imejilinda. Nimeletewa mashine zilizokwisha kusomewa talakini na mafundi watatu kabla yangu, zikaamka kwa kaboni za shilingi mia mbili, mia tatu.

Basi chomoa waya ukutani kwanza. Tazama ubavuni mwa mota, huku na huku: ukiona vifuniko viwili vya plastiki nyeusi vyenye mfuo wa bisibisi, hivyo vimewekwa kwa ajili yako mwenye mashine. Kuvifungua si kuharibu dhamana. Mara nyingi hata kijitabu kilichomo ndani ya boksi kinaeleza jinsi ya kubadilisha kaboni. Zitoe zote mbili. Kaboni yenye mstari wa kikomo, usiipitishe mstari huo. Isiyo na mstari, ikibaki kama milimita tano au sita, imekwisha. Badilisha mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana bado nzima. Na kama mota yako haina vifuniko vya nje, mpaka mwili upasuliwe skrubu zote, hapo simama. Usiufungue. Ukiufungua utakuwa umempa muuzaji neno la kusema, na hajakuwa na neno mpaka sasa.

Kupitia tundu la kaboni, angaza kwa tochi uitazame ile shaba huku ukizungusha kwa mkono. Ikiwa ya rangi ya kahawia, laini, inang'aa kidogo, alhamdulillahi. Ikiwa nyeusi, ina mashimo, na vipande vingine vimeinuka, basi amecha imeungua, na kaboni mpya hazitasaidia kitu. Bei ya amecha ikizidi nusu ya bei ya randa mpya, mimi huwaambia watu waache.

Sasa nikuulize jambo kwa upole, kwa sababu muuzaji atakuuliza kwa ukali. Umeme wako unautoa wapi? Nazijua karakana za Langoni: plagi iko chumba cha ndani, kazi iko uwanjani, katikati kuna ekstensheni ya waya mwembamba uliounganishwa mara mbili kwa selotepu. Umeme wetu ni volti 240 ukutani, lakini baada ya mita 30 za waya mwembamba haufiki hivyo mashine ikishikwa na kazi. Mota inazunguka taratibu, feni yake nayo inalegea, na mota inaungua kwa joto. Tumia waya wa milimita mraba 2.5, na ukiwa kwenye gurudumu lake ukunjue wote, kwa sababu uliokunjwa unajipasha moto. Na visu je? Mbambakofi si mti wa kuchezewa. Randa ndogo ya kisu cha milimita 82 ukiilazimisha kula milimita tatu kwa pigo moja, tena kisu ni butu, haikuhitaji kampuni mbaya kufa. Ipe milimita moja, upite mara tatu.

Silisemi hili kumtetea mwenye duka. Nalisema ili ukirudi kwake ujue ni lipi lako na lipi lake.

Kuhusu haki. Kibao kile kinamtia hofu kila mtu na hakina uzito kinaoonekana kuwa nao. Kinafaa kwa mtu aliyenunua bisibisi ya rangi nyekundu, akafika nyumbani akaitamani ya buluu. Hakifai kwa mashine yenye kasoro. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikaja juu yake: muuzaji anahesabiwa kuwa amedhamini kwamba alichokuuzia ni cha ubora unaokubalika sokoni, na sharti lolote linalojaribu kuifuta dhamana hiyo ni batili, liwe kwenye risiti au ukutani. Iko pia sheria ya mauzo ya bidhaa, ya zamani zaidi, yenye kipengele ninachokipenda: ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanyia bidhaa, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, basi kile anachokupa lazima kiifae kazi hiyo. Kwa hiyo kuanzia leo ukinunua, useme kwa sauti, mbele ya kijana wa duka: nataka randa ya kazi ya kila siku, mbao ngumu, mbambakofi na msaji.

Kukutuma Mombasa nako kuna ujanja ndani yake. Pesa ulimpa muuzaji. Wakala wa Mombasa hujafanya naye biashara yoyote. Yeye ana mkataba wake na duka na kampuni. Muuzaji anaweza kukuomba mashine aipeleke kwa wakala ikapimwe, na hilo ni jambo la haki kabisa. Kukuambia uibebe wewe kutoka Lamu hadi Mombasa ni kukuchosha mpaka usamehe.

Hata hivyo dhamana ina mipaka, na usipoijua utaaibika kaunta. Karibu kila mtengenezaji hutoa nje ya dhamana vitu vinavyolika kwa kazi: kaboni, visu, mikanda. Hutoa nje ya dhamana pia mashine iliyofunguliwa na fundi asiyetambuliwa. Na zile mashine za matumizi ya nyumbani, nyingi zimeandikwa waziwazi kwamba dhamana haihusu kazi ya kibiashara. Kwa hiyo kama tatizo ni kaboni, usimdai mashine mpya. Mdai akuuzie kaboni. Wiki saba ni muda mfupi, lakini kwa mtu anayepiga randa kutwa si muujiza. Kama ni amecha iliyoungua na waya wako ulikuwa mzima, hapo dai.

Dai vipi? Usiende asubuhi, saa ambazo mafundi wa ujenzi wamejaa wanataka saruji na misumari. Nenda baada ya alasiri. Umtafute mwenye duka, si kijana wa kaunta ambaye hana uwezo wa kukupa hata msumari. Risiti iliyofutika isikusumbue: karatasi zile huchapwa kwa joto, na jua la kwetu huzifuta kwa wiki chache. Kama ulilipa kwa M-Pesa, ujumbe uko, una tarehe na kiasi na jina la duka. Kama ujumbe umeufuta, unaweza kuomba taarifa ya miamala. Tena waambie watazame nakala yao, maana mashine ya risiti za kodi haisahau. Mpe bidhaa, mpe ushahidi, umwambie unataka nini, kimoja tu: itengenezwe, au ibadilishwe, au pesa. Mtu anayedai vitatu kwa pamoja hapewi hata kimoja. Na umwachie mlango wa kutokea kwa heshima, biashara haigombi.

Akikataa kata kata, mwandikie barua fupi au ujumbe wa simu, wenye tarehe, umpe siku 14. Maneno ya maandishi yana namna yake ya kulainisha watu. Baada ya hapo iko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inayopokea malalamiko ya wanunuzi, na iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambayo mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nakutajia ujue zipo. Kwa 11,500 mimi mwenyewe ningekomea kwenye barua.

Tuje kwenye kampuni, ambako naona moyo wako ndiko uliko.

Nilipokuwa kijana nilikwenda kwa mzee mmoja wa hadiwea hapa Malindi, sasa ni marehemu, nikataka grenda ya inchi tisa. Nilikuwa na pesa mkononi. Badala ya kuzipokea akaniuliza, "Wafanyani nayo?" Nikamwambia nakata vyuma vya madirisha. Akasema hiyo itakuvunja mkono, chukua ya inchi nne na nusu. Ilikuwa karibu nusu ya bei. Akaichomeka pale pale kaunta akaiacha izunguke dakika tano, nami nimesimama, na katika dakika zile tano akaandika kwenye daftari lake jina langu, tarehe, na namba iliyopigwa kwenye kibati cha mashine. Nilidhani ananipotezea muda. Miaka miwili baadaye swichi ikafa. Nikamwendea bila risiti wala boksi, akafungua daftari, akanisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mzee yule alikuwa hapotezi. Chini ya kaunta alikuwa na kopo la maziwa limejaa kaboni alizozitoa kwenye mashine mbovu. Isiyoingia huisugua kwa tupa mpaka iingie. (Mimi siku hizi siwashauri watu hilo ila wakiwa wamekwama, kwa sababu kaboni hutofautiana ugumu, na ngumu kupita kiasi inakula shaba.) Watu walikuwa wakitoka Garsen, wakitoka Lamu, wanapita maduka matatu makubwa yenye vioo waende kwa mzee wa kopo.

Nami pia nimewahi kuuziwa dhamana ya mwaka mmoja, ina muhuri na nembo ya dhahabu, kwenye duka lenye kiyoyozi. Mashine ilipokufa nikaambiwa fundi wa kampuni huja mara moja kwa mwezi. Mwezi ule hakuja. Uliofuata alikuja, akasema spea haipo nchini. Sina haja ya kulitaja duka. Liko namna hiyo kila mji.

Ndiyo maana nikiulizwa kampuni, mimi hujibu kwa spea. Sisi wa pwani neno letu ni moja: jahazi ni chombo, na patasi ni chombo. Nahodha wa Lamu hanunui jahazi kwa sababu tanga ni jeupe. Atauliza mbao zilikatwa wapi, na likivuja ni nani kule Matondoni kwa waunda majahazi atalitia kalafati. Mashine ya umeme inanunuliwa kwa maswali hayo hayo.

Kampuni kubwa zinajulikana. Makita ya Japani ilianza Nagoya mwaka 1915 kama karakana ya kuuza na kutengeneza mota, na mwaka 1958 ikatoa randa yake ya umeme. Mimi huona asili ile ya ukarabati mpaka leo kwenye mashine zao, kaboni zina namba zake zinazoanza na CB, na sehemu kubwa ya mashine zao zina vile vifuniko vya nje nilivyokueleza. Bosch ya Ujerumani, iliyoanza Stuttgart mwaka 1886, ina rangi mbili, na watu wengi hapa hawajui: ya buluu ni ya fundi, ya kijani ni ya mtu wa nyumbani anayetundika picha. Namba yake ya tarakimu kumi iliyo kwenye kibati ndiyo ufunguo wa kila spea. Ukiwa na hiyo, mchoro wa mashine nzima unaupata, skrubu moja moja. Ingco na Total zimejaa pwani kwa sababu ya bei, na sina ugomvi nazo kwa kazi ya hapa na pale, mradi duka linakuuzia na spea zake. Kwa karakana yako ya kutwa nzima, ningejibana ninunue ya fundi, hata iliyotumika, kuliko mpya ya bei rahisi mara mbili.

Utasikia pia hadithi za Marekani. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi mtu aliyevunja spana ya Craftsman aliipeleka kwenye duka la Sears akapewa nyingine bila risiti. Jina hilo lilianza mwaka 1927, na tangu 2017 ni mali ya Stanley Black & Decker. Lakini angalia dhamana ile ilikuwa ya vifaa gani: spana, bisibisi, vitu vya mkono visivyo na mota. Spana ni kipande kimoja cha chuma, ikivunjika kosa linaonekana kwa jicho. Mota huwezi kujua kama iliuliwa na kiwanda au na ekstensheni ya Langoni. Na gharama ya spana zile za kubadilishwa ilikuwa imeshatiwa ndani ya bei tangu mwanzo. Hakuna anayekupa bure.

Hapo hapo nikuonye: jamaa akikuletea zawadi ya drili kutoka Marekani, soma kibati kabla hujaichomeka. Kule umeme ni volti 120. Nimeshaona moja ikiishi sekunde nne, na mwenyewe akaja kunilalamikia mimi. Vilevile dhamana kwa kawaida haisafiri na mashine. Ya nchi uliyonunulia hubaki huko.

Basi ukienda kununua tena, kabla ya kuuliza bei, omba kaboni za mashine ile ile. Usiseme "mnazo?" Sema "nipe pea mbili nilipie pamoja na mashine." Akizitoa kabatini, umepata duka. Akisema zitakuja wiki ijayo, hazitakuja. Muulize ikiharibika mashine inabaki kwake au unaibeba wewe, na kama ana gari la mzigo au mtu wa basi anayemtumia kupeleka Mombasa. Iwashwe mbele yako, ukiwa umeishika. Tazama stika ya Shirika la Viwango iliyopo kwenye bidhaa za kutoka nje. Namba yake huhakikiwa kwa simu. Tazama jina limeandikwaje, kwa sababu feki hupenda kubadilisha herufi moja. Ipime uzito mkononi. Feki ni nyepesi, shaba ni ghali. Kisha risiti iandikwe namba ya mashine, na uipige picha hapo hapo mlangoni kabla jua halijaiona. Piga picha na kibati.

Nyumbani, usiiweke sakafuni wala karibu na dirisha la upande wa bahari. Chumvi ya Lamu inaingia kwenye swichi na beringi bila kubisha hodi. Jioni ipulize vumbi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uifunike kwenye sanduku.

Lakini hayo ni ya randa ya pili, nami bado naitilia shaka hiyo ya kwanza kwamba imekufa. Fungua vile vifuniko leo. Zilaze kaboni zote mbili kando ya sarafu ya shilingi moja, upige picha kwa karibu, na nyingine ya kibati. Nitumie, nami nitakuambia kama nina pea yake, niifunge kwenye bahasha impate mtu wa basi la kesho asubuhi.